Nakala ya Jumamosi

Mwanamke aliyeolewa juzi juzi hatakiwi kushtuka akiambiwa kuna mwanamume anamuulizia mapokezini. Hatakiwi kuuliza yukoje, mrefu au mfupi. Na zaidi ya yote hatakiwi kuangusha taya la nta alilokuwa akilichonga tangu asubuhi. Gego aliyafanya yote hayo, tena kwa mpangilio huohuo.

"Mrefu," alisema Dada wa Mapokezi, ameegemea mlango wa karakana, kila neno analitafuna kwa raha. "Shati jipya, mikunjo ya dukani bado ipo. Nimemuuliza ana miadi na daktari, kasema hana. Nikamwambia hebu fungua mdomo nione. Meno yote mazima, shoga yangu! Sasa mtu mwenye meno mazima anatafuta nini kwenye kliniki ya meno?"

"Mwambie nina kazi."

"Nimemwambia. Kasema atasubiri. Kakalia kile kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, wagonjwa wote wanamwangalia yeye badala ya televisheni."

Gego aliinama akaokota taya lake. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, na kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imekwenda na maji. Aliligeuzageuza mkononi kana kwamba bado kuna cha kuokoa, kisha akaliweka kwenye meza.

"Mlete," alisema.

Nyumbani hakuitwa Gego. Nyumbani alikuwa dada, alikuwa mwanangu, na sasa alikuwa mke wangu. Gego ni jina alilojipachika mwenyewe kwenye gemu, kwa kuwa kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia na katika kinywa chote hakuna jino linalomtoa jasho kama gego. Waliolijua jina hilo walikuwa wa kuhesabika, na aliyeweza kulitamka mpaka yeye akaacha alichokuwa akifanya alikuwa mmoja tu.

"Gego," alisema huyo mmoja, amesimama mlangoni.

"Barafu. Ingia. Usiguse hiyo meza, plasta haijakauka."

Basi ndivyo walivyosalimiana, watu waliokuwa wameahidiana maisha. Aliingia akiangalia pa kuweka miguu yake mikubwa, akavuta kigoda, akakaa. Kwenye rafu nyuma yake midomo ya plasta, mifano ya vinywa vya wagonjwa, ilikuwa imepangwa safu kwa safu, kila mmoja na kikaratasi chake cha jina, yote imeachama kana kwamba imekuja kusikiliza.

Tuseme ukweli, mapenzi yao yalianza kitoto. Barafu alikuwa fundi wa mafriji katika mji wa jirani, na yeye na mafundi wenzake walikuwa wamechanga wakakodi seva yao binafsi ya kuchezea gemu. Seva ni kompyuta iliyoko kwenye jengo la kampuni fulani huko mbali, haizimwi usiku wala mchana, na ukiilipia kila mwezi unapewa dunia yako mwenyewe ndani ya gemu: milima, mito, ardhi tupu, na funguo mkononi mwako. Umtakaye anaingia, usiyemtaka anabaki nje. Ukichimba shimo leo, kesho utalikuta. Hakuna kinachojijenga humo wala kinachojibomoa chenyewe.

Wale mafundi walijenga mji wa vichekesho. Kulikuwa na uwanja wa mpira usio na lango, na hoteli ya ghorofa ambayo aliyeijenga alisahau ngazi. Siku moja mmoja wao, kwa utani wake wa kijinga, akautia mji mzima moto. Tangu hapo Barafu, ambaye ndiye alikuwa na funguo, aliiagiza seva itunze nakala ya dunia yao kila usiku, na ikiona mtu anavunja sana, imtumie taarifa kwenye simu. Na yeye akibonyeza mahali pamoja tu, dunia inarudi kama ilivyokuwa jana.

Gego aliingizwa humo na binamu yake, mmoja wa wale mafundi. Kisha mafundi wakachoka. Mmoja alisema gemu ni mambo ya watoto, mwingine aliibiwa simu, binamu mwenyewe alioa, mkewe akaweka sheria, wakahamia mbali. Wakabaki wawili, Barafu na Gego, dunia nzima yao. Wakajenga nyumba ya ghorofa moja kando ya bwawa, wakizungumza kwa vipokea sauti vya masikioni mpaka masikio yanauma. Baadaye wakaonana kwa macho, basi la asubuhi kwenda, la jioni kurudi, sikukuu baada ya sikukuu, na walipoonana kwa macho ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu kila mmoja alikuta mwenzake ni mzuri kuliko sauti yake.

Ila walikuwa na desturi yao moja ya ajabu, na ndiyo iliyowamaliza. Mambo mazito hawakuyasema, waliyajenga. Barafu alipotaka kumwambia kwamba anampenda, hakusema lolote. Gego aliingia siku moja akakuta benchi la watu wawili limewekwa kando ya bwawa. Naye hakujibu kwa maneno. Alipanda ua upande wa kushoto wa benchi, kisha upande wa kulia, akatoka. Siku waliyokubaliana kuoana ilijulikana kwa vitanda viwili kusogezwa vikawa kimoja. Walijivunia desturi hiyo, wakiwacheka wapenzi wanaopigiana kelele kwenye simu.

"Umekonda," alisema Barafu.

"Na wewe umenunua shati."

"Kwa ajili ya leo." Alijishika kola. "Yule dada wa nje ameniambia nifungue mdomo."

"Hufanya hivyo kwa kila mtu."

"Nikafungua!" alisema, wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko kilio, kwa maana kilitoka kirahisi mno, kama zamani. Gego ndiye aliyekikata. Aliwasha taa ya mezani bila sababu, akaizima.

"Umefuata nini, Barafu?"

"Seva inakwisha Ijumaa. Sijailipia mwezi mwingine. Nilisema nisilipie kabla sijakuona." Alikuwa akisema huku macho yake yakiiangalia mikono yake, mikono ya Gego iliyojaa vumbi jeupe, vidole vitupu. Humo karakanani hakuna anayevaa pete, plasta huzing'ang'ania. Gego aliona macho yale yalipotua na aliona yalivyong'aa, akaelewa kwamba mtu huyu hajui kitu, hakuna aliyemwambia, na kwamba amekuja na tumaini zima mkononi.

"Ningekupigia," aliendelea Barafu, "lakini haya si ya simu. Nisikilize tu, usinikatize. Nimezungumza na Mama. Amekubali kwenda kukaa kwa dada yangu."

Gego alishika ukingo wa meza.

"Nani amemwambia aende?"

"Mimi. Hapana, yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema, mwanangu, mimi nimeshaishi, nenda kaishi na wewe. Dada yangu anamwandalia chumba. Si ulisema hutaki kuanza maisha na mama mkwe ndani? Basi nimekusikia. Nilichelewa, lakini nimekusikia."

Ni kweli alisema hivyo. Huo ndio ulikuwa ugomvi wao. Gego alimpoteza mama yake akiwa bado msichana, akawalea wadogo zake, akawapikia, akawafulia, akamuuguza bibi yake mpaka siku ya mwisho. Barafu alipomwambia kwamba wakioana mama yake mgonjwa wa miguu atakaa nao, kitu kilimkatika ndani. Alimwambia: "Tangu nina akili nawaosha watu migongo. Niache basi niwe na nyumba yangu hata mwaka mmoja." Naye Barafu, ambaye hana mwingine duniani ila mama huyo na dada mmoja, akajibu kwa ukali: "Anayemkataa mama yangu amenikataa mimi." Wakanuniana. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Lakini ugomvi haukuishia hapo, na hili Barafu alikuwa halijui. Siku chache baadaye, bibi mmoja mzee alikuja kliniki kurekebishiwa meno yake yanayomchubua. Gego alimrekebishia. Jioni kliniki inafungwa, bibi bado yuko kwenye kiti, kofia ameishika mapajani, anasubiri mwanawe aje kumchukua, na mwanawe hapokei simu. Gego alimpeleka nyumbani kwa miguu, polepole, hatua za kitoto. Bibi hakulalamika hata mara moja. Alimsifu tu mwanawe njia nzima, jinsi alivyo na shughuli nyingi, jinsi mkewe asivyopenda kelele. Gego alirudi kwake akilia barabarani.

Jumapili mchana aliingia kwenye seva peke yake. Aliuvunja ukuta wa mashariki wa ile nyumba yao, wa chini wote, kuanzia pembe hadi pembe, akaongeza chumba. Alikiweka chini kwa sababu ya ngazi. Aliweka mlango mpana, kitanda kisicho juu, dirisha la kutazamia bustani ya mboga ili mtu aliyelala aone kitu kinachoota. Aliweka kiti karibu na dirisha, na kiti cha pili cha mtu atakayekuja kumsikiliza. Kwao lilikuwa jibu lililo wazi kuliko kiapo: mlete mama yako. Akatoka, akasubiri Barafu aingie aone.

Jumatatu aliporudi, chumba hakikuwepo. Ukuta wa mashariki umesimama pale pale, safi, kama haukuguswa. Na funguo za dunia ile alikuwa nazo mtu mmoja.

"Barafu," alisema sasa. "Mimi nimeolewa."

Yule mwanamume alitabasamu kwanza, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujapata habari. Kisha tabasamu likabaki pale peke yake.

"Lini?"

"Mwezi huu."

"Na nani?"

"Mwenye duka la dawa hapo mtaani kwetu. Mgane. Ana binti mdogo."

"Anakunyanyasa?"

"Hapana."

"Mlevi?"

"Hapana, Barafu."

"Basi ana nini?" Sauti ilimpanda. "Si lazima awe na kitu!"

"Hana kitu. Ni mtu mzuri. Akirudi anauliza nimeshindaje, halafu anasikiliza jibu."

Kama Gego angemtukana huyo mume, Barafu angekuwa na pa kushika. Kwa mume mbaya mtu anaweza kupiga meza, anaweza kusema twende zetu. Kwa mume mzuri utasema nini? Aliangalia chini, akaanza kuokota vipande vya nta sakafuni kimoja kimoja na kuvipanga juu ya goti lake.

"Shangazi yako ndiye aliyemleta."

"Ndiye."

"Hakunipenda tangu mwanzo."

Hilo halikuwa na ubishi. Shangazi hakuwahi kumwita Barafu kwa jina lolote ila 'yule wa kwenye chaji'. "Huyo mchumba wako," alikuwa akimuuliza Gego mbele za watu, "simu ikizima anakwenda wapi? Na hiyo nyumba mliyojenga, mvua ikinyesha mnajifunika na skrini?" Ukoo mzima ulikuwa ukicheka. Baba ndiye pekee aliyekuwa hacheki. Mfamasia alipoleta posa, Baba alimwita Gego chumbani, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, kuna mtu? Kama yupo niambie, nitamrudisha huyu kwa heshima." Mlango wa kukataa ulikuwa wazi kiasi hicho. Naye Gego, mwenye ukuta wa mashariki machoni mwake, akajibu: "Hakuna, Baba."

"Ulishindwa kunisubiri," alisema Barafu.

"Nikusubirie nini? Ulishanijibu."

"Mimi? Nilikujibu lini?"

"Jumatatu ile niliingia, nikakuta ukuta umeurudisha."

"Niliurudisha, ndiyo. Ulitaka niuache?" Barafu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na hasira humo, hasira ya mtu aliyeumizwa na hakusema. "Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya paa la bucha, chumba chao cha baridi kimekufa, nyama inaharibika, mwenye bucha ananipigia kelele kutoka chini. Simu ikaanza kulia. Gego anavunja nyumba. Gego anavunja nyumba. Taarifa juu ya taarifa, Gego! Nikasema basi, ameamua. Ule ugomvi haujamtosha, sasa anabomoa. Nilimaliza kazi. Jioni nikabonyeza, nikarudisha nakala ya Jumamosi. Nikasema hata kama hanitaki, nyumba ibaki."

Sentensi ya mwisho ilimfikia Gego kwa kuchelewa. Alikuwa amesimama kwenye ile iliyotangulia.

"Ulipoingia," alisema polepole, "ulikuta nini?"

"Sikuingia."

"Hukuingia kabla ya kurudisha?"

"Niingie nikaone kifusi? Sikuweza. Nilirudisha kwa simu, nikiwa hapohapo kwenye ngazi ya bucha. Sijakanyaga humo tangu siku hiyo. Nilikuwa nangoja uniambie kwa nini."

Nje mashine ya daktari ililia ikanyamaza. Mtoto fulani alikuwa akikataa kukaa kwenye kiti.

Kwa hiyo hakukiona. Hakuona kitanda, hakuona dirisha, hakuona viti viwili. Chumba kile kilisimama kuanzia mchana hadi jioni, hakuna mtu aliyekitia macho ila aliyekijenga, kisha kidole kimoja kikakifuta. Mtu aliyekifuta alikuwa akijaribu kuiokoa nyumba. Gego alitaka kucheka, alitaka kupiga yowe, alitaka kumshika yule mjinga mashavuni na kumbusu mbele ya ile midomo yote ya plasta. Alikuwa mke wa mtu. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Hiyo meza ni safi, Gego," alisema Barafu.

"Mama yako anaendeleaje na miguu?"

"Goti la kushoto limegoma kabisa. Ngazi hapandi tena." Alivikusanya vile vipande vya nta kutoka gotini, akavifinyanga vikawa donge. "Sasa hana haja ya kuhama. Angalau yeye amenusurika."

"Mwache akae na wewe."

"Atakaa." Alisimama. Alikuwa mrefu mno kwa chumba kile, na shati lile lilikuwa limempendeza, na hakuna aliyemwambia. "Nakala je? Kabla wenye kampuni hawajafuta naweza kukuhamishia. Inaingia kwenye simu, haina uzito. Ukitaka siku moja uipitie tu, uone bwawa."

"Nakala ya lini?"

"Ile ya Jumamosi. Za baada yake zinafanana nayo, hakuna aliyegusa kitu."

Kila kitu chao kilikuwemo humo. Benchi lilikuwemo, na maua pande zote mbili, na kitanda kilichokuwa viwili. Kilikosekana kitu kimoja tu, ambacho sasa hakikuwepo popote duniani isipokuwa kichwani mwake.

"Hapana," alisema. "Waache wafute."

Barafu alitikisa kichwa kukubali. Alinyoosha mkono kuaga, akakumbuka ni mke wa mtu, akaurudisha. Alifika mlangoni, akashika kitasa, na hapo akageuka.

"Samahani, kuna swali la Mama. Nimeahidi kuuliza, na nisipouliza hataniacha nilale."

"Uliza."

"Nilimsimulia habari ya zile taarifa. Akaniuliza, kavunja nini na nini? Nikafungua simu nikamsomea: ukuta wa mashariki, wa chini. Akauliza, paa je? Nikasema paa hakugusa. Vioo? Hakugusa. Basi Mama akacheka, Gego. Goti linamuuma lakini anacheka. Akasema, 'Mwanangu, mwanamke mwenye hasira haanzi na ukuta mmoja wa chini. Huyo alikuwa anaongeza chumba.' Nikamwambia, Mama, wewe gemu hulijui. Akasema, 'Gemu silijui, nyumba naijua. Nenda kamuulize.'" Alijaribu kutabasamu. "Nilimwambia ni maneno ya mtu mzima anayetaka kunifariji. Lakini nimeahidi. Ulikuwa unaongeza chumba?"

Gego aliliona jibu lote mbele yake, na kila kilichokuwa nyuma ya jibu hilo. Akisema ndiyo, huyu mtu hatapanda basi la kurudi. Atakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Baba na shati lake jipya, atasema kuna makosa yametokea, kwa sababu ndivyo alivyo, haachi kitu kikiwa kimeharibika. Baba atajua kwamba bintiye alimdanganya akiwa amemfungulia mlango. Mfamasia atasimama nyuma ya dawa zake bila kosa lolote. Na yule mtoto, ambaye jana alilala amelishika pindo la gauni lake ili asiondoke, ataamka hajashika kitu. Na hata kama hayo yote yasingetokea, hata kama Barafu angeondoka kimya, angeondoka akijua. Angepanda mapaa ya watu mpaka uzeeni akikiangalia kidole chake.

Akisema hapana, Barafu atakuwa na mtu wa kumlaumu. Mtu huyo hatakuwa yeye mwenyewe.

"Mama yako ana moyo mzuri," alisema Gego. Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Hapana. Nilikuwa nabomoa."

"Nyumba yetu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya Mama?"

Aliyemuuliza alikuwa akimtazama usoni, naye hakuyakwepa yale macho. Aliyatazama yote, kwa kuwa hangeyaona tena.

"Kwa sababu yake," alisema.

Barafu alivuta pumzi. Kitu kilifungwa usoni mwake, taratibu, na kilipokwisha kufungwa alikuwa mgeni mrefu aliyekosea kliniki.

"Nitamwambia alikosea," alisema.

"Mwambie."

"Atasikitika. Alikuwa ameshaanza kukusifu kwa majirani."

Alisubiri kidogo, labda apate neno la kumpelekea mama yake. Gego aligeukia meza yake. Mlango ukafungwa, hatua zikapita kwenye ujia, zikapita mapokezini, na baada ya hapo kulikuwa na sauti za wagonjwa tu.

Dada wa Mapokezi hakuchelewa kuchungulia.

"Haya, niambie. Alitaka nini yule?"

"Alikuwa na swali."

"Umemjibu?"

"Nimemjibu," alisema Gego, akawasha moto wa kuyeyushia nta ili aanze taya lingine.